Bunduki ya mitutu miwili nyumbani: ya kujua kabla hujainunua

Mwaka huu nimeulizwa swali moja na watu watatu wasiojuana. Wa kwanza ni mkulima wa minazi na mikorosho upande wa Kilifi. Wa pili ana duka la jumla hapa Mombasa na hulala ghorofa ya juu ya duka lake. Wa tatu ni kijana wetu aliyeko Doha, ambaye mamake anaishi na wajukuu nje ya mji kule Msambweni. Swali lenyewe: mtu akitaka bunduki ya kulinda nyumba, na akapewa kibali, achague ipi? Wote walikuwa wameshajijibu nusu. Walitaka ile ya mitutu miwili inayopiga marisau, ambayo wengi huiita shotgani, kwa sababu ndiyo waliyoiona utotoni begani mwa mlinzi wa shamba akifukuza nyani na nguruwe mwitu.

Nimekusanya hapa ninayoyajua na niliyoelezwa na watu wanaojua kuniliko: fundi bunduki mstaafu, wakili wa kesi za jinai, na mzee mmoja aliyemiliki bunduki zaidi ya miaka thelathini bila kumfyatulia binadamu. Kijana wa Doha namjibu mapema asije akatuma pesa: haiwezekani, na sababu inafuata.

Cheti ni cha mtu, si cha nyumba

Silaha Kenya zinaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katiba yetu haina kifungu kinachompa raia haki ya kuwa na bunduki. Ni ruhusa, na hutolewa na Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha kwa mtu aliyeonyesha sababu ya kweli ya kuihitaji. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha tabia njema, kupimwa afya ya mwili na ya akili, kuonyesha kuwa amefunzwa kutumia silaha, na kuwa na mahali salama pa kuihifadhi. Cheti chenyewe hudumu mwaka mmoja, kisha lazima kihuishwe. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Kwa hiyo kama una kijitabu cha zamani kimekaa kabatini, nenda ukaulize hali yake kabla hujaja kuulizwa.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba cheti kinamtaja mtu mmoja, bunduki fulani, na idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Hakiitaji nyumba wala familia. Mke wa mwenye cheti hana ruhusa ya kuishika bunduki ile, wala mwanawe, wala mlinzi wake wa usiku. Ukiwa umesafiri kwenda Nairobi, au uko baharini, au kazini Ghuba, bunduki yako ni chuma kilichofungiwa kwenye sefu na mkeo hana ulinzi wowote kutoka kwake. Akiitoa, ameingia kosani. Ndiyo maana nilimwambia kijana wa Doha kwamba pesa zake zitamsaidia zaidi mamake zikiwa mlango wa chuma, taa za jua kwenye pembe nne za nyumba, na simu yenye namba za majirani watatu wanaoamka. Kuna mbwa pia. Najua baadhi yetu hatutaki hata kumtaja, lakini mafakihi wamemruhusu mbwa wa kulinda shamba na mifugo, na wengi wao wakaingiza humo na wa kulinda nyumba.

Suala la pili la cheti ni mirathi, na huku Pwani lina uzito kwa sababu bunduki nyingi za mitutu miwili ni za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Baba akifariki, thamani ya bunduki inaingia katika mali ya warithi kama kitu chake kingine chochote. Kuishika ni jambo jingine. Cheti kilikufa na baba. Warithi waipeleke kituo cha polisi, wapewe stakabadhi, kisha mmoja wao aombe cheti chake mwenyewe au iuzwe kupitia muuzaji mwenye leseni. Nimeona nyumba ambako bunduki ya marehemu ilifunikwa kanga juu ya kabati miaka minne, kila mtu akidhani mwingine ameshaenda polisi. Siku ikipatikana humo, kesi haitakuwa ya marehemu.

Na zile za bei rahisi zinazonong'onwa sokoni usizisogelee. Shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na silaha kama 750,000, nyingi mno kati yake zikiwa hazijasajiliwa. Hujui ya kwako ilifanya nini kabla haijakufikia.

Kwa nini mitutu miwili

Tuseme cheti umekipata kihalali. Sifa kubwa ya bunduki hii ni kwamba huvunjika katikati kwa bawaba, na ikivunjika kila aliyepo anaona kama ina risasi au haina. Hakuna risasi inayojificha ndani ya magazini. Katika nyumba yenye watoto sioni sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Ya pili, mtambo wake ni rahisi. Ile ya kusukuma mkono mbele na nyuma hukwama ikisukumwa nusunusu na mtu aliyeingiwa na hofu, na ile inayojijaza yenyewe inataka usafi na risasi inazozipenda. Ya mitutu miwili kimsingi ni bunduki mbili zilizoungwa kwenye kitako kimoja. Upande mmoja ukigoma, wa pili upo.

Upungufu wake ni kwamba una risasi mbili tu kisha ufungue na ujaze tena. Watu wengi huanza mjadala hapo. Mimi naona ni jambo dogo. Asiyeweza kuzuia madhara kwa milio miwili, kumi itamwongezea wafu tu, na huenda wakawa wa nyumbani mwake.

Kuna mpangilio wa aina mbili: mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu, na ile iliyopangwa mmoja juu ya mwenzake. Ya juu na chini hupendwa na wapiga shabaha wa michezo, na inahitaji kufunguka zaidi ili mtutu wa chini ujazwe. Ya ubavu kwa ubavu ni nyembamba, hufunguka kidogo, na ndiyo iliyojaa Afrika Mashariki tangu enzi za Mwingereza. Kwa kazi ya nyumbani tofauti ni ndogo. Chukua inayokukaa begani.

Lenye maana zaidi ni vifyatulio. Bunduki yenye vifyatulio viwili, kimoja kwa kila mtutu, ni bora kwa shughuli hii kuliko yenye kimoja kinachohama kutoka mtutu hadi mtutu. Vile viwili ni mitambo miwili inayojitegemea, kwa hiyo risasi ya kwanza ikikataa kulipuka unahamisha kidole tu. Katika baadhi ya bunduki za kifyatulio kimoja, mtambo hausogei kwenye mtutu wa pili mpaka kishindo cha wa kwanza kiusukume. Risasi mbovu hukuacha umeshika rungu la bei ghali.

Kitufe cha usalama huwa juu ya shingo ya kitako, penye kidole gumba. Kwenye bunduki nyingi hujirudisha chenyewe kila unapofungua mitutu, nami nakipenda hivyo. Lakini fundi alinisisitizia jambo moja: katika bunduki nyingi kitufe hicho huzuia vifyatulio tu, hakizuii nyundo zilizo ndani. Bunduki yenye risasi ikianguka sakafuni inaweza kulia hata kama kitufe kimefungwa. Zile za kale zenye nyundo za nje, zinazovutwa kwa kidole, ni hatari zaidi mikononi mwa mtu anayetetemeka, maana kuirudisha nyundo taratibu bila kufyatua ni kazi ya mtu aliyetulia.

Geji, risasi na kuta zetu

Geji ni hesabu ya zamani. Ukichukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, ukaigawa iwe golegole kumi na mbili sawasawa, kila moja itaenea katika mtutu wa geji 12. Ndiyo sababu namba ikipanda mtutu unapungua: geji 12 ina kipenyo cha karibu milimita 18.5, geji 20 karibu milimita 15.6. Geji 12 ndiyo rahisi kupatia risasi. Geji 20 ni nyepesi na haimpigi begani sana mtu mwembamba, na katika umbali wa chumbani hakuna atakayeona tofauti yake.

Usiwe nazo zote mbili nyumba moja. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa makosa kwenye mtutu wa geji 12 hupita na kukwama mbele kidogo. Mtu akichungulia anaona tundu tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, akifyatua mtutu unapasukia mkononi. Ndiyo maana viwanda hutengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya manjano.

Ndani ya ganda kunaweza kuwa na vitu tofauti kabisa. Kuna marisau madogo ya ndege, kama namba 6, yanayohesabika kwa mamia. Kuna makubwa ambayo wazee wa shamba walizoea kuyaita SG na SSG, na ambayo Wamarekani huyaandika kwa namba zao. Ile iitwayo 00 kwa kawaida huwa na vidonge tisa vya karibu milimita 8.4 kila kimoja. Na kuna lile kolombwe moja zito, ambalo nyumbani halina kazi yoyote.

Watu huniambia kwamba uzuri wa marisau ni kuwa huhitaji kulenga, yanatawanyika kama wavu wa kutupa. Hii ni hadithi ya sinema. Kwa mtutu ulio wazi, makadirio ya wapigaji ni kwamba marisau hupanuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ukumbi wa nyumba zetu ukiwa na urefu wa mita tano, fungu zima litakuwa na upana wa kisahani cha chai, au pungufu. Usipolenga utakosa. Na ukikosa, kila kidonge kati ya vile tisa kinaendelea na safari.

Kinaenda wapi? Hapa ndipo ushauri tunaoupata kwenye video za Marekani unapotupotosha, kwa sababu nyumba zao si zetu. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya Majengo: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani. Ukisimama uani ukalenga mlango wa mbele, nyuma ya mlango ule kuna baraza, na nyuma ya baraza ni njia ya watu. Milango ya vyumba mara nyingi ni ya mbao nyepesi. Kuta za ndani za nyumba za kale ni udongo na fito, na nyingine haziifikii dari. Marisau makubwa yatapenya mlango wa mbao nyepesi na mabati bila kusita, na ukuta wa udongo uliochakaa si kinga ya kuaminiwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe utayazuia, lakini jiwe gumu hurudisha vipande, na dirisha lililo katikati ya ukuta huo haliongezewi ugumu na mawe yaliyolizunguka.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua risasi, fanya hivi mchana, bila bunduki mkononi. Simama mahali ambapo ungesimama usiku. Tazama kila upande ambao mtu angeweza kuingilia, kisha uliza nani analala nyuma ya mstari huo. Mwenye duka wa Mombasa alipofanya zoezi hili aligundua kuwa upande pekee asiokuwa na mtu nyuma yake ni ngazi, tena akiwa juu akitazama chini. Mkulima wa Kilifi ana ekari zake na jirani yuko mbali. Yeye shida yake ni kwamba watoto wa ndugu wanaokuja likizoni hulala popote penye mkeka. Marisau madogo hupoteza nguvu haraka zaidi ukutani kuliko makubwa, na kwa chumba kidogo kilichobanana na majirani fundi aliyachagua hayo, akijua kuwa karibukaribu bado yanaua. Kwa Majengo penyewe, kwenye vyumba sita vya familia tatu, maoni yangu ni kwamba hakuna risasi salama, na bunduki isiwepo.

Mdomo wa mtutu nao huweza kuwa umebanwa kidogo ili marisau yaende pamoja mbali zaidi. Mafundi huita choki. Bunduki za kuwindia huwa na mtutu mmoja uliobanwa kidogo na mwingine sana. Nyumbani hutaki kubanwa, kwa hiyo ukiwa na hiari chagua mitutu iliyo wazi au iliyobanwa kidogo. Urefu wa sentimita 66 hugeuka ukumbini kwa urahisi kuliko wa 76. Lakini usithubutu kuukata mtutu uwe mfupi. Ni kosa la jinai, na bunduki iliyokatwa ndiyo sura ya mwizi mbele ya kila askari na kila hakimu.

Ukipewa ya kale

Mpya zinazoonekana zaidi katika aina hii duniani ni za Uturuki, Brazil na Urusi. Baikal za Izhevsk, hasa IZh-43, ni nzito na hazina urembo, ila ndani ya mitutu zimepakwa kromu, jambo ambalo mtu wa Pwani anapaswa kulithamini. AYA za Eibar, Uhispania, ni nzuri zaidi na ghali zaidi. Lakini wengi mtakutana na ya mkono wa pili: Webley & Scott au BSA ya Birmingham, au ya Ubelgiji kutoka Liège yenye jina lisilosomeka. Baadhi zilitengenezwa kabla babu zetu hawajaoa.

Tazama kwanza ngozi ya mtutu. Ukiona michirizi ya kahawia iliyojisokota kama maji yanayozunguka, huo ni mtutu wa Damascus, uliofuliwa kwa kusokota vyuma na kuviunga. Uliundwa kwa baruti nyeusi ya zamani. Usiuwekee risasi za leo, uuangike ukutani kwa idhini ya wahusika au uurudishe serikalini. Pili, geuza mitutu utazame chini, karibu na bawaba. Bunduki za Uingereza hupimwa na nyumba za ukaguzi za London na Birmingham na kupigwa mihuri. Herufi NP au BNP zenye taji juu yake huonyesha kuwa ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa. Bila hizo, tuma swali kwa fundi kabla hujatuma pesa.

Tatu, urefu wa chemba, pale risasi inapokaa. Bunduki nyingi za Kiingereza za kale zina chemba ya inchi mbili na nusu, yaani milimita 65, wakati risasi za kawaida madukani ni za milimita 70, na nyingine 76. La kutatanisha ni kwamba risasi ndefu inaingia na bunduki inafunga vizuri, maana urefu huo huhesabiwa ganda likishafunguka. Likifunguka ndani ya chemba fupi linaziba njia, na shinikizo hupanda kuliko chuma kilivyopimwa. Basi soma muhuri, na ufuate muhuri.

Baada ya hapo ni mikono na masikio. Hakikisha haina risasi, toa mbao ya mbele, funga, kisha tikisa mitutu. Ikicheza kwenye bawaba imechoka. Ielekeze kwenye mwanga utazame kama unapenya kati ya mitutu na uso wa mtambo. Mwisho, itenganishe mitutu, iangike kwa kidole kwenye ndoana yake ya chini, uigonge taratibu kwa ukucha au penseli. Mizima hulia kama kengele ndogo, sauti ikafifia taratibu. Ikijibu kama sufuria iliyopasuka, basi ule ubavu wa chuma unaoiunganisha umeachia mahali.

Sefu, familia, na kitu anachokitaka mwizi

Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti wa kaunti tatu za Marekani. Nyumba zilizokuwa na bunduki zilihusishwa na uwezekano mkubwa zaidi wa mtu kuuawa humo nyumbani, kama mara 2.7, na ongezeko hilo lilikuwa hasa la watu kuuawa na jamaa au mtu wanayemjua. Wapo wanaoupinga kwa namna ulivyolinganisha nyumba, na Marekani si Kenya. Hata hivyo nasikia mlio wake huku kwetu. Wazee wanaouawa Kilifi kwa kusingiziwa uchawi mara nyingi huuawa na wanaojua chumba wanacholala. Mvamizi wa aina hiyo anajua pia bunduki iko wapi.

Na bunduki yenyewe ni mali inayotafutwa. Agosti 1997, wavamizi wa Likoni waliingia kituo cha polisi, penye askari na ghala, wakatoka na bunduki. Sasa lako ni kabati la mninga lenye kufuli ya shilingi mia tatu. Sefu iwe ya chuma, ifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikae mahali pake peke yake chini ya kufuli, na mwenye funguo awe mtu mmoja. Usimtangazie fundi wala mgeni. Kwa nidhamu hiyo, utahitaji muda kidogo kuifikia na kuijaza usiku, na huo muda hununuliwa na grili, komeo zuri na kelele. Mtu anayesema bunduki isiyolala chini ya mto haina faida, namwona hajawahi kuishi na mtoto wa miaka mitano.

Lini mtu anaruhusiwa kufyatua? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 17, inaupeleka utetezi wa nafsi na mali kwenye kanuni za sheria ya Kiingereza ya mahakama, ambazo kwa ufupi huuliza kama nguvu ilikuwa ya lazima na ya kiasi kwa hatari uliyoiona. Wakili alinipa mfano wa watu wawili. Mmoja anavunja mlango wa chumba chenye watoto akiwa na panga. Mwingine anaruka ua na runinga begani, amekupa mgongo. Ukimpiga wa pili, wewe ndiye mshtakiwa, huenda wa kuua bila kukusudia, huenda wa kuua kwa kukusudia. Na yule mtoto aliye juu ya mnazi wako usiku hayumo hata katika mjadala.

Fiqhi yetu haiko mbali na hapo. Mafakihi wa Kishafi wameliandika chini ya mlango wa as-sail, mvamizi: anazuiwa kwa kilicho chepesi kwanza, ukelele na kuomba msaada, kisha mkono, kisha fimbo, na silaha ni pale ambapo vyepesi havifai. Akikimbia, haki ya kumpiga imekimbia naye. Mtume (SAW) pia amekataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza katika kila uwanja wa shabaha niliousikia: mdomo wa bunduki usimtazame mtu, iwe ina risasi au haina.

Ukilazimika, usifyatue kuelekea sauti au kivuli. Ita jina kwanza. Kijana anayerudi saa nane kutoka harusini akipitia dirishani kwa kumwogopa babake ni mtu wa kawaida kabisa katika miji yetu. Tochi ni lazima kama risasi. Mlio chumbani hupita desibeli 150, hutasikia chochote kwa muda baada yake, hata mtoto akikulilia, na huenda masikio yasirudi yalivyokuwa. Piga 999 au 112 mapema, kabla, kama una mtu wa kupiga.

Chumvi na risasi zilizovimba

Hewa ya bahari hula chuma. Bunduki inayokaa Nairobi mwaka mzima bila kuguswa, Lamu au Nyali itashika kutu ndani ya wiki chache za kusi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi wala kitambaa, kwa sababu ngozi huvuta unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ifute jasho la mikono kila ukiishika, ipake mafuta mepesi ya bunduki, uchungulie ndani ya mitutu kila wiki, na uweke ndani ya sefu vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe. Kabla ya kufyatua siku ya mazoezi, pitisha kitambaa kikavu. Mafuta mengi yaliyoachwa ndani ya mtutu ni kizuizi, na tope au buibui pia.

Risasi nazo huzeeka. Zile za kale za maganda ya karatasi huvimba kwa unyevu, zikakataa kuingia au zikaingia zisitoke. Za plastiki huvumilia zaidi, lakini kitako chake cha shaba kikiota ukungu wa kijani zitenge. Andika tarehe ya kununua kwenye boksi na utumie zilizozeeka kwenye mazoezi, uwanjani chini ya mwalimu, ukinunua mpya ndani ya idadi iliyo kwenye cheti chako. Zilizoharibika usizitupe baharini, usizichome na takataka, usizifukie shambani ambako jembe la mtu litazikuta. Zipeleke kituo cha polisi zikiwa ndani ya boksi, pamoja na cheti, na uombe waandike katika kitabu chao kwamba umezikabidhi.